Mama Waya na namba iliyokataa kutulia

Saa tatu na robo asubuhi, Mama Waya anagombana na namba.

Namba yenyewe iko pembeni mwa kioo kidogo, chini ya mstari wa kijani unaotetemeka. Inasema 1,004. Kabla hajaiandika, inasema 2,310. Anafuta. Inasema 50. Anafuta tena. Mara inaweka alama tatu za kuuliza, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni bila kujiandaa.

"Wewe, hebu kaa chini!" anaifokea.

"Nani, mimi?" anauliza mshona nguo wa upande wa pili wa chumba, ambaye ameketi tangu saa moja.

"Si wewe, shemeji. Huyu hapa."

"Haya. Mimi nikajua zamu yangu imefika."

Chumba chao ni cha mita tatu kwa nne, na mpaka wake ni mstari wa chaki sakafuni. Upande wa dirisha ni wa shemeji, mdogo wa mumewe, mwenye cherehani ya mota na rundo la suruali zinazosubiri kupunguzwa. Upande wa mlango ni wa Mama Waya, fundi redio wa miaka arobaini na tisa. Meza yake imejaa spika zilizotumbuliwa, vikopo vya skrubu, na redio moja inayoongea peke yake bila kusikilizwa na mtu.

Katikati ya vurugu hiyo amekaa mgeni. Anaitwa osiloskopu, lakini hapa ameshapewa jina la nyumbani: skopu. Ni mashine inayochora umeme. Ukiigusisha mahali penye mlio, mlio unaonekana kama mawimbi, na pembeni inakuambia mawimbi mangapi yanapita kila sekunde. Idadi hiyo hupimwa kwa hezi: mawimbi elfu moja kwa sekunde ni hezi elfu moja.

Angalau ndivyo inavyotakiwa.

Mama Waya aliinunua siku kumi na moja zilizopita kutoka shule ya ufundi iliyokuwa ikisafisha stoo. Ilikuja na waya wake mmoja wa kupimia na kijitabu cha maelekezo, ambacho panya walikuwa wameanza kukisoma kabla yake. Walianzia ukurasa wa tisa na kuishia wa thelathini na moja. Orodha ya yaliyomo ilibaki nzima, kwa hiyo anajua vizuri kabisa asichokijua.

"Walikula sura nzima ya kutuliza wimbi," anasema. "Wakaniachia sura ya kusafisha kioo kwa kitambaa laini."

Kwa nini fundi redio ahangaike na kitu kama hicho? Redio zenyewe zinakwisha. Miaka kumi iliyopita alikuwa akipokea kumi na tano kwa wiki. Siku hizi zikifika tatu anashukuru, na mojawapo huwa ya mzee wa jirani, ambayo haina tatizo lolote ila mzee anapenda kupiga soga.

Lakini wiki mbili kabla ya ugomvi huu, mlangoni alisimama muuguzi wa kliniki ya masikio akiwa na sanduku la kijivu.

Sanduku hilo ni mashine ya kupima usikivu. Mtoto huvalishwa spika za masikioni, muuguzi hubonyeza kitufe, mlio mwembamba hutoka. Mtoto akisikia ananyosha mkono. Milio iko mitano, kuanzia mzito wa hezi 250 hadi ule mkali wa hezi 4,000, na kila mmoja hupima sehemu yake ya usikivu. Mlio wa mwisho ulikuwa umekufa.

Mama Waya aliifungua, akakuta kapasita moja, kile kijikopo cha kuweka akiba ya umeme, imevimba, akaibadilisha kwa nyingine aliyoichomoa kwenye redio ya zamani. Mlio ukarudi. Kazi ya dakika ishirini. Alikuwa tayari anafunga skrubu muuguzi alipomuuliza swali lililomharibia wiki.

"Mlio umerudi, fundi. Lakini ni ule ule?"

"Unasikika, sista."

"Kusikika nasikia. Nauliza kama ni hezi elfu nne. Nina karatasi hapa, inataka uandike namba za milio yote mitano halafu utie saini."

Saini hiyo ndiyo iliyobeba kila kitu. Alhamisi, wanafunzi wapya sitini na wawili wa darasa la kwanza walikuwa wapimwe. Bila saini ya fundi, mashine ingerudishwa karakana kuu, na mara ya mwisho ilipokwenda huko ilikaa miezi minane.

"Mtoto asiyesikia vizuri hukaa nyuma ya darasa, mwalimu anamwita mvivu," anasema muuguzi. "Miezi minane ya kuitwa mvivu ukiwa na miaka sita, unaanza kuamini."

Na kutia saini kwa kubahatisha je? Hilo ni baya zaidi. Mlio ukiwa si wenyewe, mtoto atapimwa mahali pengine pa sikio, na karatasi itaandika kitu ambacho hakipo.

Ndiyo maana skopu ikanunuliwa. Na ndiyo maana Jumanne hii, siku mbili kabla ya watoto, Mama Waya anaifokea.

Kitu cha kwanza alichokifanya kilikuwa cha busara, na ndicho kilichompoteza. Usoni mwa skopu kuna kipande kidogo cha chuma kinachotoa wimbi la majaribio la hezi elfu moja, kwa ajili ya mwenye mashine kujihakikishia kuwa inapima sawasawa. Akagusisha hapo sindano iliyo kwenye ncha ya waya wa kupimia. Wimbi likasimama wima kama ngazi, namba ikasema 1,000 na haikusogea.

Akahamisha sindano kwenye mashine ya usikivu, mlio ule ule wa elfu moja. Fujo. 1,004, 2,310, 50, maswali.

"Nikasema basi, skopu nzima, mgonjwa ni sanduku," anakumbuka. "Yaani milio yote mitano imeharibika. Nikaanza kufikiria nitamwambiaje sista."

Alijaribu kitufe kinachoifanya skopu ijipange yenyewe. Alikibonyeza mara kumi na nne, shemeji alihesabu. Kila mara mashine ilifikiri, ikapepesa, ikaleta fujo ya aina mpya.

"Shemeji, hicho kitufe si kengele ya mlango," mshona nguo alimwambia. "Hakuna mtu ndani."

Kisha akakanyaga pedali ya cherehani yake ili aendelee na suruali, na hapo jambo likatokea. Mstari wa kijani ukachemka. Mota ilipozunguka, miba ilijaa kwenye kioo chote. Mota ilipotulia, miba ikapotea, ikabaki ile fujo ya kawaida.

Mama Waya akageuka polepole.

"Rudia."

"Nirudie nini? Nimepinda mguu mmoja wa suruali."

"Kanyaga tena."

Akakanyaga. Miba. Akaachia. Miba ikaondoka.

"Zima kabisa, chomoa kwenye ukuta."

"Na hii suruali mwenyewe anaijia saa sita?"

"Atavaa nyingine. Chomoa!"

Cherehani ikachomolewa. Mama Waya akazima pia sanduku la muuguzi. Halikuwa na mlio wowote sasa. Mashine imekufa kimya. Na bado kwenye kioo kulikuwa na wimbi, nene, la uvivu, likipita mara hamsini kwa sekunde.

Hamsini ni namba ambayo kila fundi anaijua hata usingizini. Ndio mwendo wa umeme wa ukutani.

Hapo udadisi ukaishinda hasira yake. Kama sanduku limezimwa na wimbi lipo, basi wimbi halitoki kwenye sanduku. Linatoka chumbani: kwenye nyaya za ukutani, kwenye taa, kwenye pasi ya shemeji. Sindano yake ilikuwa inaokota kila kitu kinachopita hewani, kama jirani asiyechagua umbea.

Lakini kwa nini isiokote ilipokuwa kwenye wimbi la majaribio?

Aliwasha sanduku tena, sindano ikiwa imenasa pale pale, akashika kwa mkono wa kushoto chuma cha nje cha plagi ya spika za masikioni. Mkono wa kulia akauegemeza kwenye skopu, pale kwenye pete ya chuma waya unapoingilia. Wimbi likatulia. Si kabisa, lakini likawa wimbi la kweli, lenye vilima na mabonde. Akainua mkono. Fujo. Akarudisha. Utulivu.

Akaweka, akatoa, akaweka, akatoa.

"Shemeji," mshona nguo aliuliza kwa sauti ya chini, "sasa unaiombea?"

"Nyamaza. Nimekuwa waya."

Ndivyo ilivyokuwa. Umeme, ili upimwe, unahitaji njia mbili: ya kwenda na ya kurudi. Sindano ilikuwa njia ya kwenda. Ya kurudi ilikuwa mwili wa Mama Waya, ambao ni waya mbovu, lakini ulikuwa bora kuliko hakuna. Na kwenye wimbi la majaribio hakukuwa na shida kwa sababu wimbi hilo linatoka ndani ya skopu yenyewe; njia ya kurudi imo humo humo.

Sasa, waya wa kupimia wa skopu huja na njia ya kurudi. Ni kamba fupi nyeusi ubavuni mwa sindano, yenye kibanio cha meno mwishoni. Mama Waya alikuwa nayo. Alikuwa nayo siku zote kumi na moja. Alikuwa ameikunja vizuri na kuizungushia tepu nyeusi raundi sita, isiguse chochote.

Ukicheka, subiri kwanza usikie kisa chake.

Mama Waya alifundishwa kazi na marehemu baba yake, enzi za redio ambazo chuma chake cha ndani kiliunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Ukikosea kugusa, ulirushwa. Siku moja baba yake alibana waya wa ardhi, ule unaoupeleka umeme ardhini, kwenye chuma cha namna hiyo. Kukasikika "paa!", meza ikaungua, na mzee akakaa wiki tatu mkono ukiwa kwenye bandeji. Tangu siku hiyo karakana ilikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: waya wa ardhi usiguse chuma cha redio.

"Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nilikuwa nimeshika tochi," anasema. "Hiyo sheria haikuniingia kichwani. Iliniingia mwilini. Skopu ilipofika nikaona kibanio chake kimeungwa na ardhi, mikono yangu yenyewe ikatafuta tepu. Sikufikiri hata dakika."

Na kwa redio za aina ile, hakukosea. Mpaka leo kibanio hicho kikibanwa pasipofaa kinaweza kuunguza mashine na aliyeishika. Alichokosa ni kuuliza swali moja, nalo sasa analiuliza kila mara kwa sauti, kama mlinzi wa getini.

"Nauliza: wewe una uhusiano gani na ukuta? Sanduku la sista linatumia betri nne. Halina waya unaokwenda ukutani. Nikalipima na mita kwanza, nikahakikisha. Halina. Basi huyu anabanika."

Alitoa tepu raundi moja moja. Alipobana kibanio kwenye chuma cha nje cha plagi, alifumba macho. Shemeji alisogea nyuma ya mlango, kwa mujibu wake "kupunga upepo".

Hakukuwa na mlipuko. Kulikuwa na wimbi.

Simulizi ingeweza kuishia hapo kama namba nayo ingetulia. Haikutulia. Haikuruka tena hadi 50, lakini ilizurura: 996, 1,003, 991, na mara moja moja 2,000. Picha nayo ilikuwa inateleza kwenda kulia, kama inakimbia deni.

Kilichofuata kilimchukua saa mbili, na ni ufundi wa kuhangaika. Aligundua kwanza kwamba wimbi lilichorwa dogo mno, kama mstari wa siafu unaovuka sakafu. Mashine huhesabu kila wimbi linapokata mstari wa katikati. Wimbi likiwa dogo, hata mtikisiko mdogo hukata mstari mara mbili, na mashine inahesabu mawili. Akazungusha swichi ya kimo hadi wimbi likajaza miraba sita ya kioo. Zile elfu mbili za ghafla zikakoma.

Kisha kimshale. Ubavuni mwa kioo kuna kimshale kidogo kinachoiambia skopu ianze kuchora wimbi linapofika kimo gani. Chake kilikuwa juu, kikielea mahali ambapo wimbi halifiki kabisa.

"Ni kama kumwambia mchezaji aanze kucheza ngoma ikifika mahali ambapo ngoma haifiki," anaeleza. "Atabaki anabahatisha. Kila mara anaanzia mguu tofauti."

Alikishusha kimshale hadi katikati ya wimbi. Picha ikasimama palepale, kama imepigwa msumari.

Mwisho ukawa upana. Alikuwa amebananisha mawimbi sitini kwenye kioo kimoja, hata skopu haikuona vizuri lipi linaanza wapi. Akayanyoosha yakabaki matano.

Namba ikasema 1,001.

Alingoja. Ikasema 1,001. Shemeji, ambaye sasa alikuwa amerudishiwa umeme wake, alimaliza mguu wa pili wa suruali. Ikasema 1,001.

Bado hakuiamini. Akahesabu miraba kwa kidole: wimbi moja lilichukua miraba miwili, kila mraba nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Jumla, sehemu moja ya elfu ya sekunde kwa wimbi. Mawimbi elfu moja kwa sekunde.

"Namba ikisema na kidole kikisema, hapo nakubali," anasema.

Akaenda kwa mlio mmoja mmoja akiandika. Mlio wa 250 ulisoma 250. Wa 500 ulisoma 499. Wa 2,000 ulisoma 2,003. Karatasi ya muuguzi inaruhusu kupishana sehemu tatu kwa mia, kwa hiyo yote ilikuwa salama. Mashine aliyokuwa karibu kuitangaza marehemu ilikuwa na afya kuliko redio zote mezani.

Halafu wa 4,000. Ulisoma 3,612.

Alikagua kibanio, kimo, kimshale, upana. 3,612, imetulia tuli, haina hata aibu.

"Wapi na wapi!" alisema shemeji. "Umehangaika asubuhi nzima itulie, imetulia kwenye makosa."

Lakini Mama Waya alikuwa anatabasamu. Siku zote kumi na moja namba zilikuwa zinaruka na hakujua nani mwongo, yeye, skopu au sanduku. Hii haikuruka. Na mlio uliokosea ulikuwa mmoja tu, ule ambao yeye mwenyewe aliugusa, kwa kapasita ya kuchomoa kwenye redio. Akaichomoa akaipima: ilikuwa imezidi kipimo chake kwa karibu sehemu kumi na moja kwa mia, na kapasita ikizidi, mawimbi hupungua kasi. Ndani ya redio hakuna ambaye angejua. Ndani ya sikio la mtoto, ni jambo jingine.

Alitafuta dukani yenye kipimo kamili, akailehemu jioni ile. Namba mpya: 4,011.

Jumatano mchana alibeba sanduku na skopu hadi kliniki. Muuguzi alisoma namba zote tano, akaridhika, lakini ana utaratibu wake: kabla ya watoto, mashine lazima ijaribiwe kwa sikio la mtu mzima mmoja.

"Kaa hapo, fundi. Ukisikia, nyosha mkono."

Sikio la kulia, milio yote mitano, mkono ukapanda mara tano. Sikio la kushoto: 250, akanyosha. 500, akanyosha. Elfu moja. Elfu mbili, akachelewa kidogo. Kisha kimya kirefu.

Mama Waya akavua spika.

"Imekufa tena, sista. Elfu nne imekufa."

"Nimebonyeza mara nne."

"Basi ni upande wa kushoto, waya umekatika. Subiri."

Alibana kibanio, akagusisha sindano kwenye njia ya spika ya kushoto. Muuguzi akabonyeza. Wimbi likasimama kwenye kioo, zuri, limejaa miraba sita. Namba: 4,011.

Waliliangalia wote wawili. Muuguzi akaachia kitufe, wimbi likaondoka. Akabonyeza, likarudi. Mama Waya alikuwa ameshikilia spika ile sikioni mwake, mwenyewe, kwa nguvu.

"Naliona," alisema mwishowe. "Ila silisikii."

Kwa miaka thelathini amejaribu spika kubwa kwa kuziegemea kwa bega la kushoto, sikio likiwa karibu na mlio, huku mkono wa kulia ukikaza skrubu. Hakuna aliyewahi kumpima. Hakuna aliyewahi kuona sababu.

Anaulizwa angefanya nini kama skopu isingekuwepo. Anafikiri, halafu anajibu bila mzaha wowote.

"Ningefungua sanduku nikaongeza nguvu ya sauti mpaka mimi nisikie. Halafu ningetia saini. Na kesho yake watoto wasiosikia wangenyosha mikono, kwa sababu ya kelele zangu. Sista angeandika wazima."

Alitia saini pale pale, juu ya namba zile zile.

Alhamisi watoto sitini na wawili walipimwa hadi saa tisa. Sita walipewa rufaa ya kwenda kwa daktari. Mmoja wao, binti mwenye mkoba mkubwa kuliko mgongo wake, hakunyosha mkono kwenye milio miwili ya juu. Mwalimu wake, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimwambia muuguzi kwamba huyo ndiye aliyekuwa akihamishiwa nyuma kila siku kwa sababu "hajali". Tangu Ijumaa anakaa dawati la mbele.

Mama Waya naye alipewa karatasi ya rufaa, ameshamwona daktari, na amepangiwa kupimwa tena baada ya miezi mitatu. Shemeji amepewa amri mpya: akiwa na la maana aje upande wa kulia, akiwa na utani abaki wa kushoto. Mshona nguo anasema tangu amri itoke, Mama Waya amekuwa na amani ya ajabu.

Mipango? Anayo. Muuguzi amemtajia kliniki nyingine tatu ambazo mashine zao za usikivu zimewekwa kabatini, moja kwa miaka miwili, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuziandikia namba. Mama Waya ameshashona mfuko wa skopu. Yaani shemeji ndiye aliyeshona, kwa kitambaa cha suruali ambayo mwenyewe hakuirudia. Anataka kuzifikia zote tatu kabla muhula haujaisha.

Haogopi kwamba sikio linamwacha katika kazi ya milio?

"Naogopa, kwa nini nidanganye? Wiki ya kwanza sikulala vizuri. Lakini sasa najua ni elfu nne, upande wa kushoto, na daktari ameandika imeshuka kiasi gani. Nikirudi baada ya miezi mitatu nitaiangalia hiyo namba kama ninavyoziangalia hizi. Ikitulia, nafanya kazi. Ikishuka, nitafundisha mtu mwingine kushika sindano, mimi nisome kioo."

Anazungusha waya wa kupimia mkononi, kibanio kikining'inia wazi, na kuuingiza mfukoni.

"Kliniki ya kwanza ni Jumamosi. Nimewaambia watoe mashine kabatini, waifute vumbi, wasiguse kitu kingine chochote mpaka nifike."